Kusi Ikivuma Malindi, Uvae Nini Kupanda Mawimbi?

Kila mwaka, mwezi wa Juni ukiingia, simu yangu hujaa swali moja kutoka kwa watu wa Nairobi, Nakuru na hata Kampala wanaopanga kushuka Malindi kupanda mawimbi kwa bodi: "Dada, maji yana nyuzi ngapi? Nije na wetisuti?" Wetisuti ni lile vazi la mpira linalobana mwili, la kukinga baridi majini. Kwenye simu nawajibu kwa mkato, lakini swali lenyewe linastahili jibu refu, na leo nimepata nafasi ya kukaa nalo.

Maji ya Malindi hayana baridi. Mwezi wa Machi na Aprili, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapokwisha na bahari imelala, hufika nyuzi 29 hadi 30 za selsiasi. Julai, Agosti na Septemba, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imeshika, hushuka mpaka kama 25 au 26. Basi. Mwaka mzima tofauti ni nyuzi nne au tano tu. Mtu aliyezoea Cape Town upande wa Atlantiki, ambako maji huwa nyuzi 12 au 13 na watu huingia wamejifunika hadi vidole vya miguu, akisikia hesabu hii ataacha kila kitu nyumbani abebe kaptula peke yake. Na hapo ndipo atakapoteseka. Huku kwetu maji hayakuamulii nguo. Kinachokuamulia ni upepo, jua, na pale unapokanyaga.

Nianze na upepo, maana huo ndio unaowashinda wageni.

Mwili wa binadamu una nyuzi 37, na maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, zaidi ya mara ishirini. Mtu aliyetulia majini bila nguo anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 ili asipoteze joto. Kwa hiyo hata bahari unayoiita ya moto inakunyonya, ila polepole. Nusu saa ya kwanza husikii kitu: unapiga kafi kwa mikono, moyo unakwenda mbio, damu imechemka. Lakini kupanda mawimbi sehemu kubwa ni kungoja. Mawimbi huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu unakaa juu ya bodi, kiuno na kwenda juu uko nje, umelowa chapachapa, na kusi inakupiga. Maji yaliyo juu ya ngozi yanakauka, na kila yanapokauka yanaondoka na joto lako. Kinachotetemesha watu mwezi wa Agosti ni hicho, na kinawatetemesha katika bahari ya nyuzi 26.

Alfajiri ya Julai hewa ya hapa huwa kama nyuzi 22. Maji ni ya moto kuliko hewa. Ukitia mguu unafurahi, unajiona umeingia hamamu. Baridi unaikuta ukiinuka. Watazameni wavuvi wanaporudi asubuhi ya kipupwe: koti la mtumba juu, kofia ya sufi kichwani, na miguu peku majini. Wameshajua ni sehemu gani ya mwili inayohitaji nguo. Mimi nguo zangu za kusi nimezipanga kwa kuwaangalia wao kuliko kwa kusoma majedwali ya wauza wetisuti, ambayo huandika "juu ya nyuzi 24: kaptula tu" kana kwamba dunia haina upepo.

Kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba navaa hivi: fulana ya laikra, kitambaa kinachovutika, ya mikono mirefu inayobana mwili, taiti ndefu, na juu ya fulana kizibao cha neoprini cha unene wa milimita moja. Kizibao tu, kisicho na mikono, ili mabega yabaki huru kupiga kafi. Kinakinga kifua, mgongo na figo, na siku upepo ukitulia nakivua nakifunga kiunoni. Rafiki zangu wanaosikia baridi upesi, hasa wembamba na watoto, wanavaa cha milimita mbili. Wetisuti kamili ya mikono na miguu ya milimita tatu, ile ya kuogelea Ulaya, iache. Utachemka, utachoka mabega, na utakosa mawimbi.

Neoprini ni mpira wa kutengenezwa viwandani. Kampuni ya DuPont ya Marekani ndiyo iliyouvumbua mwaka 1930. Wazo la kuushona uwe vazi la majini linahusishwa zaidi na Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mpira huo una viputo vidogo vya gesi ndani yake, na gesi haipitishi joto kirahisi. Maji machache yanayoingia kati ya nguo na ngozi hupata joto la mwili yakabaki hapo. Ndiyo maana lazima ibane: ikipwaya, kila wimbi linaosha yale maji ya moto na kuleta mengine, na umevaa uzito bure. Jambo jingine la kuangalia ukienda kununua ni uso wa nje. Neoprini iliyofunikwa kitambaa hushika maji, na upepo ukiyakausha unakupoza. Ile laini inayong'aa kama ngozi ya pweza humwaga maji na kuzuia upepo. Kwa kusi yetu chagua hiyo laini, ingawa huraruka kwa kucha.

Kaskazi ikija, yaani Desemba mpaka Machi, neoprini yote naiweka kabatini. Upepo upo, lakini ni upepo mkavu wa jua kali, na maji yanaanza kupanda kuelekea nyuzi 29. Mawimbi ya ghuba ya Malindi nayo hupungua, na maji huwa ya udongo, kwa sababu msimu huo mkondo husukuma matope ya mto Sabaki kuja kusini, yakaingia ghubani. Wakati wa kusi matope hayohayo huelekea kaskazini, upande wa Mambrui na kupita. Msiukasirikie mto huo: mchanga na udongo wake ndio uliofanya mwamba wa matumbawe usizibe mbele ya ghuba, na kwa sababu hakuna mwamba wa kuyavunja, mawimbi ya bahari kuu yanafika hadi ufukweni kwetu. Kwingine pwani hii wimbi hufia kwenye mwamba mbali na nchi.

Kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Binamu yangu anaishi Oman, na familia ya mumewe inatoka Dhofar, kusini mwa nchi hiyo. Aliponiambia kwamba Julai, Muscat ikiwa inaungua, bahari ya upande wa Salalah, huko Dhofar, na kisiwa cha Masirah huwa ya baridi kuliko ya Malindi, niliona ananitania. Ni kweli. Msimu wa kharif, yaani kusi ya kwao, maji ya pwani ile hushuka, mahali pengine karibu na nyuzi 20. Na upepo unaoyapoza ni huuhuu wa kusi, ule uliopita kwetu, ukavuka ikweta na kupinda kuelekea Bara Hindi. Kwao kaskazini mwa ikweta mzunguko wa dunia huyasukuma maji ya juu upande wa kulia wa upepo, yaani mbali na pwani yao, na maji ya vilindini, ya baridi na yenye chakula tele cha samaki, yanapanda kujaza nafasi. Kwetu kusini mwa ikweta yanasukumwa kushoto kwa upepo, yaani kuja pwani. Maji ya juu yenye joto yanatulundikia sisi. Baridi ndogo tunayoipata Julai ni ya mawingu, ya upepo kukausha uso wa bahari, na ya kuchanganywa maji ya juu na ya chini kidogo.

Nayasema haya kwa sababu mtu akisikia "tropiki" anafunga mkoba bila kuuliza. Mwambao wa Somalia nao hupoa sana wakati wa kusi. Dakar, iliyoko digrii 14 tu kaskazini mwa ikweta, huwa na maji ya nyuzi 18 hadi 20 mwezi wa Februari na Machi, na wapanda mawimbi wa Ngor, hapo hapo Dakar, wanavaa wetisuti. Jina la ukanda halitoshi. Uliza pwani gani, na mwezi gani.

Hata hapa hapa, nyuzi unazoziona kwenye simu zinatokana zaidi na setilaiti inayopima uso wa bahari kwa eneo kubwa. Haikuambii lolote kuhusu maji ya magotini. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa kujaa na kupwa, pwani ya Kenya maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na yale yaliyobaki kwenye madimbwi na juu ya mchanga yanapigwa na jua mpaka yanakuwa kama ya kuogea mtoto mchanga. Maji yanapoanza kujaa adhuhuri yanapita juu ya mchanga ule wa moto. Ukiingia saa nane mchana siku kama hiyo, kizibao chochote kitakuwa adhabu. Ingia alfajiri siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, na upepo umeanza mapema, utakitafuta. Ndiyo maana mkoba wangu una vyote viwili, na uamuzi naufanya nikiwa nimesimama mchangani na uso umeelekea upepo.

Sasa jua, na hapa naomba nisikilizwe na ndugu zangu weusi, maana tumelishana maneno ya uongo miaka mingi kwamba ngozi yetu haichomwi. Inachomwa. Rangi inatusaidia, haituvui. Malindi iko kama digrii tatu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, kivuli chako kikaishia chini ya nyayo. Na mpanda mawimbi anapata jua la juu na lile linalorudishwa na maji. Mgongo wa shingo, masikio, midomo, nyuma ya magoti unapolala juu ya bodi: sehemu hizo hubabuka hata kwa mweusi wa kung'aa. Kusi nayo hudanganya, kwa kuwa upepo unapoza ngozi na mawingu yanazuia mwanga wa macho, lakini mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayochoma ngozi, inapenya.

Fulana ya pamba haitoshi. Nguo yenye alama ya UPF 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya hamsini ya mionzi hiyo. Fulana nyeupe ya kawaida ya pamba ikiwa kavu kiwango chake ni kama 5 hadi 7, na ikilowa hushuka mpaka kama 3. Juu ya hayo inakuwa nzito, inavutwa na maji, inakuchubua makwapani, na mchanga ulioingia kwenye nta ya bodi unaikwaruza dhidi ya kifua. Laikra au nailoni iliyofumwa kwa karibu, rangi iliyokolea, mikono mirefu, shingo iliyopanda. Hiyo ndiyo nguo ya kwanza kununua. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo, kizibao utaazima.

Nguo pia hupunguza haja ya losheni. Ghuba yetu inapakana na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, na sipendi kuona mafuta ya watu yakielea juu ya matumbawe. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika Januari 2021, ya kukataza uuzaji wa losheni za jua zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu ya matumbawe. Hapa kila mtu ajiwekee sheria yake. Mimi napaka ile nyeupe nzito ya zinki usoni na mikononi tu, kwingine kote nimefunikwa. Matumbawe haya yamekwisha kuona mengi: mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji ya moto yaliyapausha na kuua sehemu kubwa pwani hii, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima imo katika upaukaji mkubwa wa nne. Nyuzi moja juu ya kawaida, kwa wiki kadhaa, inatosha kuyapausha. Sisi hatuisikii kwenye ngozi.

Msisahau macho. Wazee wengi waliovua maisha yao yote utaona wana kijinyama kilichoota kutoka pembeni ya jicho kuelekea kwenye mboni. Huletwa zaidi na jua, pamoja na upepo, vumbi na chumvi, na wapanda mawimbi wanaupata ugonjwa huohuo. Kofia ya laikra yenye ukingo mpana na kamba ya kidevuni inasaidia. Mawimbi makubwa yataivuta, ndiyo, lakini siku za kawaida inakaa.

Miguuni nitapita haraka. Ghuba ya Malindi ni mchanga, ingia peku, ila buruta nyayo unapotembea ili samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie akimbie. Kiatu hakizuii mwiba wake. Watamu na Diani ni habari nyingine. Ukivuka mwamba maji yamekupwa utakutana na wale wanyama wa duara wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na miiba yao ikivunjikia ndani ya ngozi ni balaa. Huko vaa viatu vya maji vyenye soli ya mpira, vinavyobana kifundo. Siku zenye konyeza, wale wanyama laini wa baharini wanaowasha ngozi, ile taiti ndefu itakufaa kuliko dawa yoyote.

Nimeacha mwisho jambo ninalolijali kuliko yote, na wanaoniandikia kulihusu ni wasichana wa hapa hapa, si wa Nairobi.

Wanauliza kama inawezekana kupanda mawimbi ukiwa umejisitiri. Inawezekana, na ukisoma tena niliyoyaandika juu utaona kwamba nguo ya kujisitiri na nguo ya kujikinga na bahari hii ni nguo moja. Mikono mirefu, miguu mirefu, shingo na kichwa vimefunikwa: hivyo ndivyo ningemvalisha hata mwanamume wa Ulaya hapa. Mama yangu, aliyenikataza bahari utotoni kwa sababu ya mavazi, aliponiona siku ya kwanza nimevaa hivi aliniambia, "Kumbe hili lina heshima, mwanangu. Lakini mbona huna kofia?" Tukaishia kubishana juu ya jua.

Tatizo ni kitambaa na mshono. Msiingie na buibui wala deraa. Nguo pana hunywa maji, inakuvuta chini, inajizungusha kwenye kamba ya mguuni inayokufunga na bodi, na wimbi likikuviringisha hujui mkono uko wapi. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, Mwaustralia mzaliwa wa Lebanon, alibuni vazi la kuogelea la kujisitiri linalojulikana kama burkini, na wazo lake la msingi ni jepesi kuigwa: kanzu fupi ya kitambaa kisichonywa maji inayofika mapajani, taiti chini, na kamba au kitanzi kinachofunga kanzu kwenye taiti ili isipande juu. Kichwani vaa kofia ya laikra inayobana na kuingia ndani ya shingo ya fulana. Pini hapana, hata moja. Pini ikifunguka chini ya wimbi itakuchoma shingoni.

Za dukani ni ghali, na za kutoka nje hukatwa kwa watu wa kuogelea kwenye bwawa, si wa kupiga kafi. Mabega yanabana. Kwa hiyo nimekuwa nikienda kwa fundi wa mtaani na fulana yangu kuukuu, amefumua akaipima, na sasa anashona za wasichana. Siri ni mbili: sindano ya kitambaa cha kuvutika, na mshono wa kulala unaotanuka, usiokwaruza makwapa. Taiti tunatafuta mitumba, na hapo Kongowea ya Mombasa ndiyo mama. Vuta kitambaa, kiangalie dhidi ya jua. Ukiona mwanga unapita, kirudishe. Ukikivuta kikasahau kurudi, kirudishe pia, mpira wake umekufa.

Mkitoka majini, vueni upesi. Leso mbili, moja ya kujifutia na moja ya kujifunga, na koti la upepo juu, hasa jioni za Julai. Nguo zisuuzeni hata kwa maji yetu ya kisima yenye chumvi kidogo, si kama ya bahari, na mzianike kivulini zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Jua lililokuwa linakula ngozi yenu linakula na mpira.

Wanaokuja Agosti: leteni fulana ya mikono mirefu, kizibao, taiti, kofia, zinki na koti. Wetisuti nene ziacheni. Lakini zile ndogo za watoto zilizowabana wanenu, za milimita mbili, hata zilizopasuka magotini, tafadhali zitieni kwenye mkoba. Fundi anazikata vizibao, na wasichana wa umri wa miaka tisa hadi kumi na mbili wanaotaka kuingia majini mwaka huu ni wengi kuliko vizibao nilivyonavyo.